Mshumaa Chini ya Ubao

Juzi theluji ilipoanguka hapa Lanham ughaibuni, nilimkuta mama akisugua mshumaa chini ya ubao wa plastiki wa mjukuu wake wa kutelezea thelujini, nami nikakumbuka siku moja jangwani.

Nilikuwa mdogo. Kiongozi wa safari alitupandisha kilima cha mchanga ulionukia kama sufuria iliyosahaulika motoni. Kule chini kulikuwa na chemchemi na mitende. Akatoa mshumaa, akausugua chini ya ubao wa kutelezea mchangani. Leo najua nta huutelezesha. Siku ile nilidhani anatuombea kabla hatujafa. Mama, nesi asiyeogopa damu, alitangulia kuteleza akipiga yowe, "Yesuuu!" Nikaamini ndilo neno la kuuendesha ubao. Nililipaza alasiri nzima, mpaka kiongozi naye akaniiga.

"Shosho, hauendi!" mjukuu alimlalamikia bibi yake thelujini.

Mama akamkazia macho. "Umeita Yesu?"