Nilimnyima Mama Chakula, Nikamsingizia Daktari

Nimekosa, na hapa nyumbani sina wa kumwambia, ndiyo maana nakwambia wewe usiyenijua. Jina langu liacheni. Mimi ni mwanamke wa makamo, naishi Visiga, Kibaha, nashona nguo barazani kwangu na watoto wameshaondoka wote. Kosa langu halina mwanaume wala mganga ndani yake. Nilikosa kwa chakula na vidonge vya kuongeza damu, na niliyemkosea ni mama yangu mzazi.

Ngoja nianze na mwili wangu, maana kiburi kilianzia huko. Nilikuwa nimenenepa, nikitoka barabarani hadi kwangu nahema. Shoga yangu mmoja akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la kukata wanga. Ugali huli, wali huli, muhogo na chapati ndiyo usiseme. Unakula nyama, samaki, mayai, mboga za majani na parachichi. Nikashika kweli. Nguo nilizojishonea zikaanza kunipwaya, nikawa nazipunguza huku naimba.

Baadaye nikaanza kuchoka. Kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, nikikata kitambaa mkono unalegea. Nikaenda kituo cha afya, wakanipima, damu ndogo. Wakaniuliza habari za hedhi yangu, ambayo kweli ilikuwa nzito, wakanipa vidonge vya madini ya chuma na kunionya nisivimeze pamoja na chai. Mimi siku hizo chai ya rangi ndiyo iliyokuwa inanidanganyia njaa, nilikuwa nainywa kutwa. Nikavimeza kwa maji, chai nikaisogeza mbali navyo, na taratibu nikawa mtu tena.

Mwenye akili angesema alipimwa, akatibiwa, akapona. Mimi nilitoka hapo nikiwa daktari.

Wateja walinikoma. Mtu akisema tu kachoka, namfunua kope la chini, nikiona jicho jeupe namwambia damu huna, tafuta vidonge. Mtu kaja kupimwa kiuno, anaondoka kapimwa na damu. Walicheka, na mimi nilidhani wananisifu.

Sasa mama. Mama anaishi Chole, Kisarawe, na kaka yangu na mke wake. Ana kisukari cha muda mrefu, anameza vidonge vya kushusha sukari, kliniki haikosi. Chakula chake ni kilekile alichokulia, bada, yaani ugali wa muhogo, anamega kidogo kwa kisamvu cha nazi. Alikuwa anatembea, anapalilia, anagombana na kuku. Nilipokwenda kuwasalimia nikaiona ile sahani, nikamwambia kaka kuwa hapa mama anauawa polepole, namchukua nikamtengeneze. Ndilo neno nililotumia, nikamtengeneze, kama gauni.

Wifi yangu ni mtu mpole. Alinifuata nje akaniambia, "Wifi, mama anakula kulingana na dawa zake. Usimbadilishie ghafla." Nikamwona ana wivu.

Tulipofika Visiga, nilipomwekea mama sahani ya kwanza ya samaki na mboga bila kitu kingine, aliitazama kwa muda. Akaniuliza, "Daktari wa kliniki umemwambia?"

"Nimempigia, mama. Amesema sawa kabisa."

Sikumpigia. Namba yake sina, hata sura yake siijui. Nilisema vile kwa sababu nilijua mama akishasikia daktari amesema, ubishi umekwisha. Na kweli akavuta sahani akala. Vidonge vyake vya sukari nikamwachia vilevile, asubuhi nampa mwenyewe mkononi, maana niliona dawa ni dawa, haina uhusiano na sahani.

Mwanzoni alivumilia na kunitania. "Mwanangu, nimekula mayai mpaka naona haya kupita mbele ya kuku." Halafu utani ukapungua. Mikono ikaanza kumtetemeka, jasho linamtoka kwenye kivuli, anaanza sentensi haimalizi. Mimi daktari nikamfunua kope. Jeupe. Nikasema ni damu hii, kama yangu tu. Nikampa vidonge vyangu vilivyobaki, vilipokwisha nikanunua vingine dukani, asubuhi na jioni, bila kupima chochote.

Vikamchafua tumbo. Kichefuchefu, choo kikafunga, kilipokuja kutoka cheusi akashtuka, akadhani ana ugonjwa mkubwa. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili dawa inafanya kazi. Kwa kile kichefuchefu hata nyama na samaki ikawa hataki, analamba mchuzi, anasukuma sahani. Lakini kidonge cha sukari hakukikosa hata siku moja, kwa sababu nilisimama mbele yake mpaka amemeza.

Kuna siku moja ambayo ikinijia naacha kushona. Alitoka ndani anashika ukuta, akafika kwenye baraza, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nipe chai yenye sukari kidogo. Mwili unanidai."

Nikacheka. "Mama, hiyo ndiyo sukari yenyewe inakuhadaa. Daktari amekataa."

Akarudi ndani. Mimi sikuinuka hata kwenye cherehani.

Asubuhi yake nilikwenda kumwamsha, macho yako wazi lakini hanijui, shuka limelowa jasho. Nikapiga kelele, majirani wakaja, tukambeba kwenye bajaji mpaka hospitali. Wakamtoboa kidole, wakaangalia kile kipimo, wakaanza kukimbia. Wakamtundikia dripu. Haukupita muda mrefu mama akafumbua macho vizuri na kuuliza kanga yake iko wapi. Sukari ilikuwa imeshuka kiasi kwamba tungechelewa kidogo tu, leo nisingekuwa naandika ungamo, ningekuwa kwenye eda ya majuto ya maisha.

Kaka na wifi wakafika kutoka Chole. Daktari, binti mdogo tu, akatueleza wote tukiwa tumekizunguka kitanda. Kwamba mtu anayemeza vidonge vya kushusha sukari, ukimwondolea chakula cha wanga lazima daktari wake aiangalie upya dawa yake, kwa sababu kidonge kinaendelea kushusha hata pasipo na cha kushusha. Kwamba kule kutetemeka na jasho ndiko kulikuwa kuomba msaada. Kwamba damu wameipima na haina tatizo lolote, vile vidonge vya chuma hakuvihitaji, vimemfunga tumbo na kumkimbiza chakula. Mimi nilikuwa naangalia magurudumu ya kitanda.

Kisha akauliza, "Nani alimwambia aache kula?"

Kaka akajibu, kwa sababu mama alishamweleza kwenye simu alipokuwa kwangu. "Mama aliniambia daktari wa kliniki alikubali."

"Daktari gani huyo?"

Mama akanigeukia. Aliniangalia usoni kwa utulivu, na mle machoni mwake nikaona amejua. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini yeye akaniwahi.

"Hakuna daktari," akasema. "Mimi ndiye niliyemdanganya binti yangu kwamba nimeruhusiwa. Nilitaka nipungue."

Kaka akapandwa na hasira. "Mama, na utu uzima wote huo? Unataka kutuua kwa presha?" Wifi akainamisha kichwa. Na mimi, ndugu yangu unayenisoma, nikaufunga ule mdomo. Kumkatia chakula nilikosea kwa ujinga. Kunyamaza pale nilikosea kwa akili timamu.

Mama akarudi Chole na ile aibu kichwani kwake. Huko anataniwa shughulini kwamba bibi alitaka kiuno cha msichana, naye anacheka pamoja nao. Kaka amemnyang'anya dawa zake, anazifungia, anampa kidonge kimoja kimoja kama mtoto. Mwanamke aliyetulea peke yake, sasa anaitwa mbishi na muongo ndani ya nyumba aliyoijenga.

Nilikwenda nikamkuta peke yake anachambua kisamvu. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Leo namwambia kaka." Hakuacha hata kuchambua. "Mtoto wako humfunui mbele za watu," akasema. "Nyamaza, limeshapita." Unajua nilichohisi? Nafuu. Nilihisi nafuu, na hiyo nafuu ndiyo inayonichosha mpaka leo. Silali vizuri, sindano inanichoma vidole, wateja nawashonea mikono ya nyuma mbele.

Siku hiyohiyo wifi akaleta chakula. Bada ya moto, kisamvu, na kipande cha samaki. Mama akanawa, akasogeza mkono kwenye sahani, akausimamisha hapo juu. Akaniangalia mimi. "Nile?" akauliza.

Hakuwa ananitania. Mama yangu, aliyekuwa ananitafunia muhogo nikiwa sina meno, ananiomba ruhusa ya kula.

Basi wewe uliyepungua kwa kukata wanga, hongera, lakini mwili uliopungua ni wako, si wa mama yako. Damu haipimwi kwa kope, inapimwa kwa kipimo, na vidonge vya kuiongeza si peremende za kugawiana. Mgonjwa wa sukari anayetetemeka na kutoka jasho akikuomba kitu kitamu, mpe, kisha mkimbizeni hospitali. Usimbadilishie chakula bila daktari anayempa dawa kujua. Na usiseme daktari amesema kama hakusema. Ukishakosa, ungama palepale kitandani, usingoje mzazi akulipie, maana akishalipa huna tena pa kulirudisha deni hilo.

Kaka yangu huusoma ukurasa huu wa maungamo gazetini kila unapotoka. Kaka, ukifika hapa utakuwa umeshanijua. Mama hakumdanganya mtu. Mrudishie dawa zake.