Barua Ziko Kwenye Simu ya Meneja, Lawama Ziko Kwangu

Admin, ficha jina langu na hata kata yangu. Huku Tarime watu wanajuana kwa koo. Mimi ni kijana wa kiume wa miaka ishirini na nne, karani wa chama cha wakulima wa kahawa. Barua pepe za ofisi nazisoma kwenye kompyuta, zinazohitaji uamuzi namwambia meneja.

Nilipoajiriwa niliunganisha kompyuta na simu ya meneja kwa IMAP. Kwa njia hiyo barua zinabaki kwenye seva, kila kifaa kinaziona zilezile, na mmoja akifungua, kwa mwenzake inaonekana imeshafunguliwa. Hilo ndilo lililomkera. "Mura, meneja ni mimi au wewe? Kwa nini barua zinanifikia makombo?"

Akaenda kwa fundi wa simu huko Sirari, akawekewa POP, tena ile inayoshusha barua kwenye simu na kuziondoa kwenye seva. Tangu siku hiyo simu yake ikiwahi kuvuta barua, kwenye kompyuta sioni kitu. Nilimweleza kwa heshima zote. Akanijibu, "Fundi ana duka na wake wawili. Wewe una nini?"

Na baada ya ushindi huo wote, barua zenyewe hafungui. Anaangalia video tu.

Mnunuzi aliyetaka kahawa yetu yote ya msimu huu aliandika, akaandika tena, hakujibiwa. Akanunua kwingine, kisha akampigia mwenyekiti kumlaumu. Mkutano ukaitishwa. Meneja alisimama, akaninyooshea kidole: "Mwenye ufunguo wa barua ni huyu. Ametuuza kwa walanguzi!" Mama mmoja ambaye siku zote huniita mwanangu alitema mate chini. Mzee mwingine akapaza sauti, "Hiyo diploma yako tutaikaanga pamoja na kahawa!" Watu wakacheka. Simu yenye barua zote ilikuwa mfukoni mwa shati la meneja, inalia ujumbe huku anaongea. Nilimchukia mpaka nikaogopa mikono yangu.

Kujitetea ni rahisi. Itumwe barua moja pale mkutanoni, simu na kompyuta vikae mezani, kila mtu aone inakoangukia.

Tatizo ni kwamba meneja alitahiriwa pamoja na baba yangu. Ni rika moja, na kwa mila zetu Wakurya yule naye ni baba yangu. Nilipomweleza baba, hata hakuniangalia.

"Ukimuumbua yule mbele za watu, umenivua nguo mimi. Kubali, omba msamaha, yataisha."

"Tata, nikubali kosa ambalo sijafanya?"

"Kazi utapata nyingine. Mimi rika lingine sipati."

Mama alikuwepo. Aliendelea kupepeta ulezi.

Tangu hapo nyumbani kwa baba sili. Huyo meneja nikimpa shikamoo anaitikia kwa sauti, watu wasikie, kana kwamba hana kosa.

Alhamisi kamati ya chama inakaa kuamua kama nifukuzwe tu au nipelekwe polisi pia. Baba amesema atakuja, atakaa kando ya meneja. Barua ya kujaribia nimeshaiandika, imebaki kubonyeza kutuma. Ndugu zangu, msinipe pole, pole ninazo za kutosha. Niambieni: baba yako akiwa amekaa pale anakuangalia, ungebonyeza?