Midomo ya Babu

Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, kisha watu humtafuta marehemu usoni mwa mtoto. Marehemu wetu alipatikana midomoni. Mama mkwe alimwona kwenye simu, yeye Kenya, sisi huku ng'ambo, hapa Granville, akapiga vigelegele. "Wee! Midomo ile ile nyeusi! Karibu nyumbani, bwanangu!" Tukacheka. Na mimi nikacheka, nesi kwa miaka kumi na mmoja, ninayepima oksijeni za wazee wa watu kila zamu.

Siku ya tatu mkunga alikuja kututembelea. Mtoto alikuwa akinyonya kidogo tu, anachoka, analala, nami nikimsifia utulivu. Mkunga akampeleka dirishani, akamfungua mdomo. Ngozi yetu huficha rangi; ulimi haufichi. Ulikuwa kama wa mtu aliyekula zambarau.

Akamfunga kipimo cha oksijeni mguuni; mtoto mzima hupita tisini na tano. Sabini na nne. Nikamwambia miguu ina baridi, kipimo kinakosea. Akakihamishia mkono wa kulia: sabini na mbili. Mume wangu ndiye aliyeita ambulensi.

Hospitalini walimpa oksijeni tele. Niliikodolea macho ile namba. Panda, baba, panda! Haikupanda. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu nilijua maana yake: tatizo la mapafu kwa kawaida husikia oksijeni, hili halikusikia, basi huenda ni moyo. Wakamwekea dripu ya kuzuia mshipa mmoja usijifunge, kisha skani. Mishipa miwili mikubwa ya moyo ilikuwa imebadilishana mahali.

Daktari akauliza midomo ilianza lini kuwa hivyo.

"Leo asubuhi," nikasema.

Mungu wangu. Mwanangu amejaa waya kifuani, nami namdanganya mtu anayetaka kumwokoa, eti nisionekane nesi mjinga.

"Hapana, daktari," mume wangu akasema. "Tangu azaliwe." Hakunitazama.

Alipasuliwa, akapona, sasa anapanda makochi na kunivunjia vikombe. Mume wangu hajawahi kulitaja jibu langu lile, hata siku tulizokosana vibaya. Ila mtoto akiugua, huniuliza anaendeleaje, hunisikiliza mpaka mwisho, kisha huinuka na kwenda kumpima mwenyewe.