Jibu la Baba Mkwe

Siku hizi kuomba kazi kumekuwa kama kuposa. Unavaa vizuri, unakaa mbele ya watu wasiokujua, unaulizwa una nia gani. Mimi nilipoingia karakana ya kufunga vitabu, fundi mkuu hakuniuliza neno. Alinipa brashi ya gundi, akatazama mikono yangu, akasema njoo kesho. Nilikaa pale mpaka nikaota mvi, na kusoma nilijifunza humo humo, kwenye kurasa nilizozishona. Karakana sasa ni duka la simu.

Basi mkwe wangu alipoitwa kwenye usaili wa usimamizi wa chumba cha pasi, katika kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya hoteli, nilimfunda mwenyewe. Ni mjane wa mwanangu, mpiga pasi tangu ujana. Mtaani wanamwita Bi Kimya, maana kwake hata salamu ni hotuba. Asingepata kazi hiyo, angehamia kwa dada yake, mji mwingine, pamoja na mjukuu wangu. Begi lilikuwa limeshafungwa, limesimama nyuma ya mlango, nami nilikuwa nikilipita kana kwamba silioni.

"Wakikuuliza unatarajia nini," nilimwambia, "sema hutarajii kitu. Ndiyo adabu. Tajiri hapendi mtu wa madai."

"Sawa, baba."

Alirudi mchana. Akakaa kwenye ngazi, akavua viatu vya kuazima, akakanda vidole.

"Waliniuliza hilo swali lako," akasema.

"Ukajibu?"

"Nikajibu ulivyonifunza. Yule mama meneja akaweka kalamu chini. Akasema, 'Kama hutarajii kitu, dada, umefuata nini hapa?' Mwenzake akacheka."

Nililiona begi likitoka mlangoni.

"Nikanyamaza," akaendelea. "Si unanijua. Halafu nikawaambia jibu hilo ni la baba mkwe wangu, si langu."

"Umenitaja mimi?"

"Nimtaje nani tena? Nikasema natarajia kujua zamu zangu kabla wiki haijaanza, maana nina mtoto, na mzee anayebaki naye hupitiwa na usingizi."

"Mimi sipitiwi na usingizi."

"Jana mtoto ndiye aliyekufunika shuka, baba. Nikasema pia nifundishwe zile mashine mpya, sijawahi kuzigusa. Na msichana akiunguza nguo aletwe kwangu kwanza, asifokewe mbele ya wenzake. Mimi nilifokewa hivyo miaka. Mkono unatetemeka, unaunguza na ya pili."

Sikuwahi kusikia maneno mengi hivyo kinywani mwake tangu siku ya arusi.

"Wakasemaje?"

"Zamu hubandikwa Ijumaa. Mashine watanifundisha. Hilo la kufoka, meneja alisema bosi mwenyewe ndiye mfokaji, atajaribu kuongea naye." Akavuta pumzi. "Naanza Jumatatu."

Nikalivuta begi kutoka nyuma ya mlango. Bado nasema fundi wangu alimjua mtu kwa kutazama mikono tu, na watu wa namna ile hawapo tena. Ila naye hakuwahi kuniuliza ninataka nini, nami nilistaafu bila kumwambia kwamba ile gundi ilikuwa ikinichoma macho.

Jioni mjukuu wangu alifungua begi, akatoa nguo zake, akazirudisha msumarini. Sare ya shule ilikuwa imejikunja vibaya. Mama yake aliitazama, akawasha pasi.