Kufuli Mbili za Bi Fundi

Asubuhi hiyo Bi Fundi alivaa gauni lake la zambarau, lile la sherehe. Mumewe alipomwona akaweka kikombe chini.

"Mama watoto, kuna harusi nisiyoijua?"

"Mazishi," akajibu, akachukua mkoba wake na kwenda kazini.

Alikuwa fundi wa maabara ya kompyuta chuoni kwa miaka kumi na minne. Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kutunza mashine. Lakini wanafunzi waliotoka darasani kichwa kinawazunguka walimfuata yeye, na somo lililowaangusha wengi ni la programu sambamba, ambamo kazi mbili hukimbia pamoja na kugusa kitu kimoja. Akawatungia mfano. Uwanja una milango miwili, kila mlango unahesabu watu laki moja, na jumla huandikwa kwenye ubao mmoja. Milango yote miwili ikisoma ubao kwa wakati mmoja, kila mmoja ukaongeza mtu wake, mtu mmoja anapotea. Dawa yake ni kufuli moja: aliyeishika anaandika, mwenzake anasubiri.

Kisha akatunga toleo la zoezi, lenye kosa la makusudi: kila mlango una kufuli yake. Ukiangalia harakaharaka utaona pamefungwa vizuri, kumbe hakuna anayemsubiri mwenzake. Wanafunzi walitakiwa walifumanie kosa hilo wenyewe.

Ndipo akaja Daktari, mhadhiri mpya wa somo hilo, maneno matamu kama nini. Akaomba mifano "aipitie tu". Mwaka uliofuata ikatoka kitabuni, jina la Daktari kwenye jalada, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, shukrani kwa "mama anayetufungulia maabara". Bi Fundi alisoma maneno hayo akiwa amesimama, damu ikamchemka. Akafungua ukurasa wa mfano, akausoma mara mbili, halafu akacheka mpaka akashika meza. Bwana mkubwa alikuwa amebeba faili la zoezi. Lile bovu! Na amelisifia kurasa sita nzima kuwa ndiyo njia sahihi.

Mbona hakugundua? Kompyuta za maabara zilikuwa kuukuu, zenye prosesa moja, yaani hufanya kazi moja tu kwa wakati, na mlango wa kwanza ulimaliza kuhesabu kabla wa pili haujapata zamu. Jibu lilitoka laki mbili kila siku, naye kila siku alivimba kichwa.

Bi Fundi akanyamaza miaka mitatu. Tusimpambe: hakunyamaza kwa upole. Alitaka siku moja Daktari aseme kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba kazi ile si yake, na alitaka aseme huku anaumia.

Siku ikaja. Daktari alikuwa anawania uprofesa, na jopo lilitaka kumwona akifundisha. Mashine mpya, kila moja na prosesa kumi na sita, zilikuwa bado kwenye maboksi, zifungwe baada ya likizo. Bi Fundi alizifunga zote kwa siku mbili, peke yake, hata chai hakunywa.

"Bi Fundi, umenitoa kimasomaso!" Daktari alisema, akipapasa kioo kipya. "Jopo litanikoma."

"Litakoma, Daktari."

Basi jopo likaketi mbele, wanafunzi nyuma yake, na Bi Fundi na gauni lake akasimama mlangoni. Daktari alieleza kwa mbwembwe zote, akabonyeza. Ukutani ikatokea laki moja na elfu thelathini na moja na ushei. Akacheka, akabonyeza tena. Laki moja na elfu kumi na nane. Mara ya tatu ikaja nambari nyingine kabisa, na kola ya shati ikaanza kulowa.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani, akasogea ukutani kusoma. "Hizi kufuli ni mbili," akasema. "Nani kaandika kitu hiki?"

"Yule pale!" Daktari akanyoosha kidole mlangoni. "Yote kaandika yeye. Mimi nilichukua tu kwake!"

Mwenyekiti akaandika. Bi Fundi alisikia utamu unampanda mpaka utosini.

"Ni kweli, ni kazi yangu," akasema, akija mbele bila haraka. "Hilo ni zoezi la kutafuta kosa. Jibu lilikuwa kwenye faili la pili yake."

Maabara nzima ikaangua kicheko. Daktari akatafuta kiti. Msichana mmoja wa mwaka wa mwisho tu ndiye ambaye hakucheka, akasimama.

"Mama, ulijua muda wote huo?"

"Nilijua."

"Mwaka jana kwenye mtihani niliandika kufuli moja. Nikapewa sifuri kwa sababu kitabu kinasema mbili. Nikarudia somo. Ulinikuta nalia kwenye mashine ya dirishani. Ukanipa leso, ukaniambia nijitahidi."

Mwenyekiti akageuza ukurasa mpya na kumwuliza Bi Fundi naye jina lake kamili.