Hesabu Matundu

Anayesema nimetunga, aje kwangu Rosettenville amuulize mke wangu, maana hata yeye alisikia. Mimi si mtu wa mizimu. Ni fundi wa kufuli na masefu, mtu wa Morogoro, nina miaka ishirini na mmoja Johannesburg, na mambo ya kutokewa nilikuwa nawaachia walevi. Halafu usidhani nakupeleka makaburini usiku wa manane. Hii ilianza Jumamosi saa nane mchana, dukani, jua linawaka.

Kwanza nikiri ugonjwa wangu. Nilikuwa nakusanya bastola. Si zote, hapana; zile fupi tu, za silinda ya kuzunguka yenye matundu matano ya risasi, mtutu haufiki urefu wa kidole, chuma cheupe kisichoshika kutu. Nilizipendea kazini. Unamfungia tajiri sefu, anafunua kitambaa, unaona kitu kinang'aa kama kijiko kipya, roho inakudunda. Nikachukua leseni ya kwanza, nikachukua ya pili. Mama Neema, mke wangu, akawa ananiambia, "Wenzako wananunua viwanja nyumbani, wewe unanunua vyuma." Sikumsikia. Nani anamsikia mkewe akishapenda?

Ya tatu niliikuta kwenye duka la silaha hukuhuku kusini mwa jiji. Mwenye duka ni mama wa Kikaburu, sote tunamwita Tannie, yaani shangazi kwa lugha yao. Mkali, lakini mtu wa haki. Akaniambia ni mali ya marehemu, imeletwa na mjane, na zamani zilikuwa mbili, pacha. Nikalipa. Sasa huku ukilipia bunduki huondoki nayo. Inakaa kwa muuzaji mpaka polisi watoe leseni, na leseni ni miezi. Basi sisi wagonjwa tuna desturi: Jumamosi tunakwenda kuitembelea. Ndiyo, kuitembelea! Unakaa kwenye benchi, Tannie anakuletea chuma chako kwenye kitambaa, unakishikashika, unakirudisha. Cheka tu, hata mimi sasa nacheka.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipomkuta mzee. Mreno, sweta la kahawia, ananuka naftalini. Alinisalimu kwa Kiswahili cha Lubumbashi, Kongo, akasema alizaliwa kule. Nilifurahi mno. Nani angetegemea kupata mtu wa kupiga naye soga la bastola kwa Kiswahili? Miezi mitano, kila Jumamosi namkuta pale pale. Hakuwahi kuigusa yangu. Nikifungua silinda tu, anakohoa kidogo, anauliza, "Ulihesabu?"

Namwambia, mzee wangu, haina kitu, Tannie kaifungua mbele yangu. Anatikisa kichwa. "Hii iko na mtutu mufupi, na kijiti yake ya kusukuma risasi iko mufupi vilevile. Haisukume zote. Hesabu matundu, mwanangu. Usihesabu risasi."

Siku moja nikamuuliza mbona ananikazania hivyo. Akaangalia mikono yake, kisha akasema polepole, "Kulikuwa siku moja, miye sikuhesabu." Machozi yakamlengalenga. Nilimhurumia, wallahi, lakini moyoni nikasema ni uzee tu huo.

Leseni ikatoka. Jumamosi ileile niliyoichukua bastola nikapita kwenye uwanja wa shabaha, nikapiga risasi mpaka mkono ukauma. Nikarudi nimechoka. Nikajaza risasi tano bila kusafisha matundu, nikaifungia sefuni. Johannesburg hii, eish, mwizi hapigi hodi.

Kesho yake tumetoka kanisani. Jumapili ndiyo siku yangu ya kung'arisha. Na hapa nitakwambia jambo ninaloona aibu kulisema. Nilikuwa na mchezo na binti yangu, Neema, ana miaka sita. Nikishazitoa risasi, namwachia ashike. Anaziita vijiko. Analenga televisheni, anafanya tiki tiki, tunacheka. Mama yake akilalamika namjibu haina kitu, mama, chuma kitupu kina madhara gani?

Basi nikafungua silinda ya ile mpya, nikaelekeza mtutu juu, nikasukuma kijiti. Risasi zikaanguka kwenye bakuli la plastiki, ta, ta, ta. Huku namwitikia Mama Neema jikoni kuhusu nyama. Nikafunga, nikafuta, nikaweka mezani. Neema akaja mbio. "Baba, nipe spoon." Mtoto wa huku, Kiswahili chake nusunusu. Nikampa. Kwa mkono wangu mwenyewe nilimpa.

Mama yake akatokea mlangoni na sinia la ugali. Neema akageuka, akamlenga, anacheka.

Hapo nikasikia mtu anakohoa mgongoni kwangu. Naftalini ikajaa sebule nzima. Sauti ikasema, karibu kabisa na sikio, "Ulihesabu?"

Sijui niliinukaje. Niliipokonya mpaka mtoto akaanguka, akaangua kilio. Nikafungua silinda. Matundu manne wazi. La tano limeziba, risasi imeganda kwenye masizi ya jana, nzima kabisa.

Nikakaa sakafuni. Mama Neema bado ameshika sinia, anaangalia nyuma yangu. Akaniuliza, "Nani amekohoa?"

Jumatatu nilikuwa dukani kabla halijafunguliwa. Nikamwambia Tannie nataka kumshukuru yule mzee wa Jumamosi. "Mzee gani?" Nikasema, yule tunayekaa naye benchini, tunaongea. Akasema, "Wewe hukaa peke yako. Nilidhani unaisemesha bastola yako kwa lugha ya kwenu. Wateja wengi huzisemesha." Nikamweleza sweta, nikamweleza Lubumbashi. Akatoa jalada la bastola yangu. Ndani kulikuwa na nakala ya kitambulisho cha marehemu, mume wa yule mjane. Picha ilikuwa ya yule mzee wangu wa benchini.

Tannie akanisimulia taratibu. Ile pacha nyingine polisi waliichukua. Mzee alitoa risasi, akaamini haina kitu, akampa mjukuu wake ashike. Mtoto hakufika hospitali. Mzee naye hakumaliza majira ya baridi. Alikuwa ameshazikwa kabla mimi sijaingia dukani mle. Nililia pale kaunta kama mtoto, na Tannie, mkali vile, akanishika bega.

Zote tatu nimerudisha. Sefu yangu sasa inakaa pasipoti na sare za shule. Naftalini ikinipata popote, hata sokoni, nageuka kutazama nyuma yangu. Neema bado ananiuliza mbona nilimwangusha. Jumamosi moja moja napita, nakaa benchini mikono mitupu, nasema kimoyomoyo, nimehesabu, mzee wangu, mtoto yupo. Hajatokea tena. Nadhani amepumzika, na Mungu ampumzishe kweli.

Kwa hiyo wewe mwenye chuma ndani, fungua leo, hesabu matundu kwa kidole, moja moja. Usingoje kukoholewa. Yule aliyekuwa akikohoa, kwangu ndiko alikomalizia kazi yake; kwako hatakuja.