Ruzuku Iliyosikika Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini, huko milimani juu ya mji wa Mbeya, nilikuta watoto wa Kisafwa wamekaa juu ya magogo, meno yakigongana kwa baridi. Kila mmoja alikuwa na kibao, yaani ubao mdogo mweusi wa kuandikia, ambao aliufuta kwa mate na kiganja. Mwalimu Mkuu alinipa vipande vya chaki kama anayegawa dhahabu ya Makongolosi. "Mwalimu Sekela," akasema, "hii ni ya wiki nzima. Ikiisha, utaandika kwa mdomo." Nilikuwa binti wa Kinyakyusa, mbichi kutoka chuoni, nikacheka. Kufika Jumatano nilikuwa naandika kwa mdomo kweli.

Jamani, niliipenda shule ile! Tuliimba hesabu za kuzidisha huku mvuke ukitutoka mdomoni, na hakuna mtoto aliyesinzia. Leo nikisikia watoto wakiimba mbili mbili nne, moyo hunirudi kule.

Kisha nikahamishiwa Iringa, shule ya kijiji si mbali na Kalenga. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mzee wa Kibena, mpole mpaka anakera. Mwaka huo ruzuku, yaani fedha ya serikali ya kusaidia shule, iliongezwa. Bwana Elimu, mzungu aliyesimamia shule za jimbo, akatuletea mabati, ramani na madawati yanayonukia rangi. Tulipiga vigelegele.

Kumbe! Mtoto akisinzia juu ya gogo, anaanguka. Kwenye dawati analaza shavu, na hesabu kwaheri. Tangu Januari mpaka mvua zilipokatika walilala, wakinuka ulanzi, ile pombe ya mianzi ambayo asubuhi huwa bado tamu na watoto hupewa. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka.

Aliyelala kuliko wote ni Agripina, msichana pekee wa darasa la nne, mwenye kichwa chepesi ajabu. Mwisho wa mwaka alifeli mtihani wa kuingia shule ya kati, na wenzake karibu wote wakafeli. Baba yake alikuja kuniambia, "Atarudia mara moja tu. Akishindwa tena, napokea ng'ombe wa mahari."

Januari Bwana Elimu alirudi amefura kwa hasira ya matokeo yale. Hata hivyo, aliwatangazia wazazi kwamba ruzuku nyingine inakuja. Sasa, wazee wa Kihehe wa wakati ule, herufi r iliwapiga chenga. Kesho yake asubuhi uwanja ulijaa kina mama na vikapu.

"Kamwene, Mwalimu," akasalimu mama yake Agripina. "Tumefuata liziki."

Karani wa Bwana Elimu alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka, kisha nikasema, "Mama, ni ruzuku, si riziki. Na wewe acha kumpa mtoto ulanzi asubuhi!"

Alinitazama bila hasira. "Mwanangu, ghala limekauka tangu Krismasi. Mahindi yako shambani, bado mabichi. Saa hizi ni mianzi tu inayotoa kitu. Nimpe nini, jiwe?"

Kicheko kilinikauka. Mwalimu Mkuu alikuwa amesikia yote. Akavua kofia, akamwendea Bwana Elimu aliyekuwa akikagua madarasa.

"Bwana, badala ya madawati mengine, tupe unga."

"Fedha hii ni ya shule. Si ya matumbo."

"Matumbo ndiyo yanayokuja shule, Bwana. Watoto wakifeli tena, mimi niachishe kazi."

Lo! Mzee yule yule mpole. Bwana Elimu alimkazia macho, kisha akakubali, lakini kwa mwaka mmoja tu. Kina mama wakapokezana zamu ya kupika uji kila asubuhi. Agripina akaacha kulala, akawa ananyoosha mkono kwa kila swali mpaka namwambia, "Wewe, waachie na wenzako!" Mwisho wa mwaka alifaulu, yeye na wengi wa darasa lake. Nililia mbele ya watoto, wala sikuona haya.

Bwana Elimu alikuja kutupongeza. Akapiga dawati kwa kiganja. "Mnaona? Madawati yamefanya kazi!"

Mwaka uliofuata lori lilikuja limejaa madawati. Mwalimu Mkuu alipoulizia unga, aliambiwa ule mwaka mmoja umekwisha. Mama yake Agripina alilizunguka lori lile taratibu, akanigeukia. "Mwalimu, haya yanapikwaje?"

Siku hizi nimestaafu, naishi hapa Iringa mjini. Walimu vijana huniuliza, "Bibi, serikali ikiongeza fedha, watoto watafaulu?" Nami huwaambia habari za Agripina, aliyekuja kuwa mkunga na kuzalisha nusu ya kijiji. Halafu huwaambia za mdogo wake, Luhwago, aliyeingia darasa la nne mwaka wa lori lile. Akili yake ilimshinda dada yake, naapa. Alilala miezi yote ya njaa, akafeli, akachukuliwa na lori la manamba kwenda Tanga kukata mkonge. Hakurudi. Mpaka leo inaniuma. Dawati lake lilikuwa imara sana. Nilifundisha watoto wengine wengi wakiwa wamelikalia.